Commodore 64, Macintosh ya kisanduku au PC ya 486: ipi uinunue na kuifufua?

Anayeanza kufufua kompyuta za zamani kwa kawaida huzizunguka mashine tatu. Ya kwanza ni Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982. Ya pili ni Macintosh ya kisanduku yenye skrini ndani yake: Plus ya 1986, SE ya 1987, SE/30 ya 1989 au Classic ya 1990. Ya tatu ni PC ya mezani ya enzi za vichakataji vya 386 na 486. Wengi huchagua kwa moyo: ile waliyoiona utotoni, au ile yenye sura ya kupendeza. Moyo hauna kosa, ila hauoni kilichooza ndani. Mashine ya umri huu ni mgonjwa, na kila aina ina ugonjwa wake wa uzee unaofahamika. Kwa hiyo chagua kwanza ugonjwa unaouweza kuutibu kwa mikono, vifaa na nafasi uliyo nayo. Mashine itafuata.

## Vigezo

Tutazipima zote tatu kwa mambo haya: nini huoza ndani yake na dalili zake ni zipi, hatari iliyopo kwa mwili wako unapoifungua, upatikanaji wa vipuri, namna ya kuiingizia programu na kuiona picha bila vifaa vya zamani, na mwishowe ni nani inamfaa. Bei hatuigusi, kwa sababu hubadilika kulingana na hali ya mashine kuliko jina lake. Mashine nzima iliyotunzwa na nyingine ya aina hiyohiyo iliyoliwa na betri ni vitu viwili tofauti.

Kabla ya kumtafuta muuzaji, jaribu mashine yenyewe kwa programu ya kuiga: VICE kwa Commodore 64, Mini vMac kwa Macintosh Plus, 86Box kwa PC. Kaa nayo wiki mbili. Kama hamu inazidi, endelea. Kama imeisha, umejiepusha na sanduku zito la kukaa chini ya kitanda.

Vifaa vya msingi ni vilevile kwa zote: multimita, chuma cha kulehemu chenye kurekebishika joto (nyuzi 320 hadi 350 za Selsiasi hutosha kwa kazi nyingi), flaksi (dawa ya kusaidia risasi ishike), pampu na utambi wa kunyonya risasi, spiriti ya isopropili ya asilimia 99, mswaki laini, na taa nzuri. Kikuzio cha macho si anasa. Njia za shaba zilizoliwa huonekana nzima kwa jicho tupu.

## Commodore 64

Kinachooza. Adui mkubwa wa mashine hii yuko nje yake. Ni pawa saplai yake ya asili, lile tofali zito lililomiminiwa utomvu mgumu ndani, lisilofunguka wala kutengenezeka. Hutoa volti 5 za mkondo mnyoofu na volti 9 za mkondo geu. Kidhibiti cha zile volti 5 kinapochoka hakizimiki. Huachia volti zipande, na chipu za kumbukumbu na ile ya PLA (inayopanga chipu ipi izungumze na kichakataji) huungua kimyakimya huku wewe ukitazama skrini. Ndiyo maana picha ya muuzaji inayoonesha "inawaka" inaweza kuwa ndiyo picha ya mwisho ya mashine ikiwa hai.

Kuipima ni rahisi. Kwenye plagi ya pini 7, weka mita kati ya pini 5 na pini 2. Unatafuta volti kati ya 4.9 na 5.2. Ikifika 5.25, usiiunganishe. Lakini kipimo kizuri hakikupi uhakika: saplai hizi huharibika zikishapata moto, na unayoipima mezani ni baridi tena haina mzigo. Ushauri wetu ni kuliweka tofali la asili pembeni kama kumbukumbu, ukanunua saplai mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hii. Ukilazimika kutumia la zamani, pachika katikati kile kifaa kidogo kinachokata umeme volti zinapopanda.

Skrini nyeusi ndiyo dalili inayotisha wengi, nayo ina wahusika wachache. Washa kwa dakika moja, zima, kisha gusa chipu moja moja kwa ncha ya kidole. Chipu ya picha (VIC-II) na ya sauti (SID) ni za moto kwa asili yake. Chipu ya kumbukumbu haipaswi kuunguza, kwa hiyo ile inayokuchoma kati ya zile nane ndiyo mtuhumiwa. Kwenye bodi za mwanzo, njia ya haraka ya kuthibitisha ni kubebesha chipu nzima ya 4164 juu ya ile unayoishuku, pini kwa pini, kisha kuwasha. Picha ikirudi, umeshampata. Njia hii hushindwa chipu mbovu inapokuwa imepiga shoti, hivyo kutobadilika kwa skrini si ushahidi wa kuwa nzima. Chipu zenye maandishi MT4264 zina sifa mbaya ya kufa, zitazame kwanza.

Mashine ikiamka utaona mstari unaosema 38911 BASIC BYTES FREE. Namba ikiwa pungufu, kumbukumbu ina kasoro hata kama kila kitu kingine kinakwenda.

Kibodi hufa vitufe vichache kwa sababu vile vifundo vyeusi vya kaboni chini yake vimeshika uchafu. Fungua skrubu ndogo zilizo nyuma, futa ubao na vifundo kwa spiriti, rudisha. Angalia jambo moja tu: waya mbili za kitufe cha SHIFT LOCK zimelehemiwa kwenye ubao huo, na usipozitoa kwanza zitakatika. Halafu usishikeshike pini za mahali pa kuchomeka jostiki. Umeme tuli wa kidole huingia moja kwa moja kwenye chipu ziitwazo CIA, zinazopokea kibodi na jostiki, zilizo nyuma yake.

Hatari kwa mwili. Ndogo kuliko zote tatu. Umeme wa ukutani unaishia kwenye tofali, na ndani ya mashine hakuna cha kukuua.

Vipuri. SID, VIC-II na PLA zilitengenezwa kwa ajili ya familia hii ya mashine tu, na viwanda vilishaacha kuzitoa zamani. Leo kuna mbadala wa kisasa: ARMSID kwa sauti, na mbadala kadhaa wa PLA unaochomekwa bila kurekebisha kitu. SID za asili zinasakwa sana na wanamuziki, na kwa sababu hiyo kuna bandia zilizofutwa maandishi na kuchapwa upya. Usinunue chipu ya SID peke yake isipokuwa umeisikia ikilia.

Programu na picha. SD2IEC hubeba faili kwenye kadi ya SD na kujifanya 1541, kisoma diski cha Commodore. Unaandika LOAD"*",8,1 kama zamani. Haiigi kichakataji kilichokuwa ndani ya 1541, kwa hiyo michezo inayotumia mbinu zake za upakiaji wa kasi hukwama. Kwa michezo hiyo unahitaji Pi1541, inayoiga kisoma diski kizima. Diski halisi ya 1541 ni jambo la kuishi nalo mara moja: husoma takriban baiti 400 kwa sekunde, na programu ya KB 40 inakupa dakika moja na nusu hivi za kusubiri ukisikiliza inavyokoroma.

Picha ndiyo inayosumbua. Mashine hutoa ishara ya televisheni ya zamani, na televisheni nyingi za sasa huikataa au huionesha imetapakaa. Televisheni ya kichogo huipokea bila ubishi. Usipokuwa nayo, utahitaji kifaa cha kupandisha picha. Hakikisha pia kama mashine ni ya PAL au NTSC, mifumo miwili tofauti ya televisheni. Michezo mingi imeandikwa kwa kufuata mwendo wa skrini, na ile ya upande mmoja huchanganyikiwa upande wa pili.

Inamfaa anayejifunza kulehemu, mwenye meza ndogo, anayependa michezo na muziki wa chipu, na anayetaka kuielewa mashine nzima kuanzia pini ya kwanza hadi ya mwisho. Haimfai anayetaka kuandika makala au kufanya kazi za ofisi.

## Macintosh ya kisanduku

Hapa jina moja halitoshi. Plus na SE ni kundi moja, SE/30 na Classic ni jingine, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kazi yako itakuwa ya jioni moja au ya mwezi.

Kinachooza. Bodi ya SE/30, Classic na Classic II ina kapasita ndogo za alumini zilizolala juu ya bodi, nyingi zikiwa za mikrofaradi 47 na volti 16. Zote zinavuja. Hata zile zinazoonekana safi zinavuja chini kwa chini. Majimaji yake hupitisha umeme na kula shaba, na dalili huja kwa mfuatano: sauti inafifia, kisha inapotea, kisha skrini inaleta mistari au miraba badala ya uso wa kawaida. Kwenye SE/30 mistari hiyo imepewa jina lake, Simasimac, na mara nyingi hutibika kwa kuiosha bodi na kubadilisha kapasita. Bodi za Plus na SE hazina kapasita za aina hiyo, hivyo huvumilia uzee vizuri zaidi.

Ukipasha moto kapasita iliyovuja, chumba kinanuka samaki aliyechacha. Harufu hiyo ni uthibitisho. Ukiipata, bodi yote inahitaji kuoshwa: mswaki, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, maji safi yasiyo na chumvi, kisha spiriti, halafu siku mbili za kukauka kabla ya kuiwasha. Kuiosha kwanza kabla ya kulehemu kunasaidia pia, kwa sababu risasi iliyoguswa na majimaji hayo haiyeyuki vizuri, na ukiilazimisha unang'oa vituo vya shaba pamoja na kapasita. Ongeza risasi mpya na flaksi kwenye miguu yote miwili, pasha pande zote, inua bila kuvuta.

Wengi huweka kapasita za tantalamu badala ya alumini ili zisivuje tena. Ni uamuzi mzuri wenye mtego mmoja ulioharibu bodi nyingi: mstari uliochorwa juu ya kapasita ya alumini huonesha upande hasi, na mstari wa tantalamu huonesha upande chanya. Mtu akifuata mstari kwa mazoea huiweka kinyume, na tantalamu iliyogeuzwa hulipuka ikipata umeme. Fuata alama ya kujumlisha iliyochapwa kwenye bodi, siyo mstari wa kapasita uliyoitoa.

Kisha kuna betri. Ni ndogo, ya volti 3.6, nusu ya urefu wa betri ya kawaida ya AA. Ikipasuka hutawanya asidi kwenye bodi na kula mpaka fremu ya chuma. Bodi iliyopigwa na betri hii kwa miaka kumi mara nyingi haifufuki tena. Plus imesalimika hapa kwa ubunifu tu, kwani betri yake hukaa nyuma, nyuma ya kifuniko chake, mbali na bodi.

Plus na ndugu zake wana ugonjwa mwingine, kwenye bodi ya umeme iliyosimama pembeni ya skrini. Joto hupasua viungo vya risasi. Picha inanywea, inacheza, inarudi ukigonga ubavu wa kisanduku, na siku moja inabaki mstari mmoja wa wima. Kuviyeyusha upya viungo vya kiunganishi kinachoelekea kwenye kichogo hutatua tatizo hilo mara nyingi. Ni kazi ya nusu saa, ikitanguliwa na tahadhari inayofuata.

Hatari kwa mwili. Hii ndiyo mashine inayoweza kukuua. Kichogo hubeba maelfu ya volti, na kinaweza kubaki na chaji mashine ikiwa imezimwa na waya umeshachomolewa. Funga waya yenye kishikizo kwenye fremu ya chuma, upande wa pili kwenye bisibisi bapa ndefu yenye mpini wa plastiki. Mkono mmoja mfukoni. Ingiza ncha chini ya kile kikombe cha mpira kilicho ubavuni mwa kioo mpaka iguse chuma. Unaweza kusikia "ta!" au usisikie kitu. Rudia baada ya dakika chache. Shingo ya kioo nyuma ni nyembamba kama ya chupa ya dawa, na ubao mdogo ulioichomekea hutoka kwa kuvutwa moja kwa moja nyuma, bila kutikiswa kushoto na kulia. Ikivunjika, hewa inaingia na kioo kimekufa.

Hata kuifungua kunahitaji kifaa chake: bisibisi ya Torx T15 yenye shina refu, kwa sababu skrubu mbili za juu zimezama ndani ya shimo la mpini.

Vipuri. Plastiki, vioo na bodi za umeme hutoka kwenye mashine nyingine zilizokufa. Diski ngumu za wakati huo, zilizounganishwa kwa njia iitwayo SCSI, nyingi zimeshakwama, baadhi kwa sababu mipira midogo ya ndani imeyeyuka kuwa gundi. Usipoteze wiki kuzifufua kama hazina data unayoitaka. BlueSCSI au ZuluSCSI huchukua nafasi yake kwa kadi ndogo ya kumbukumbu, kimya na bila joto. Kwenye kisoma flopi, gia ndogo ya kutolea diski hupasuka, nayo mpya zinachapwa.

Programu na picha. Picha si tatizo kwa sababu skrini iko ndani: inchi 9, nukta 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe, kali mpaka inashangaza. Faili ndizo ngumu. Flopi za KB 800 husomwa kwa mwendo unaobadilikabadilika, na kisoma flopi cha PC hakiwezi kuziandika hata ufanyeje. Mashine zenye kisoma cha MB 1.44 (SE/30, Classic, na SE za baadaye) hukuondolea nusu ya tatizo. Kwa Plus, nunua kiigizi cha flopi au BlueSCSI mapema, ukiwa bado unaitafuta mashine yenyewe.

Kumbukumbu pia hutenganisha ndugu hawa. Plus, SE na Classic huishia MB 4. SE/30 hupokea mpaka MB 128, ingawa kupita MB 8 inahitaji programu ya Mode32 au ROM iliyosahihishwa.

Inamfaa mwenye mkono uliokwisha kuzoea kulehemu vitu vidogo, anayependa kuandika au kuchora kwenye mashine isiyomkatiza, na anayetaka kifaa kimoja kinachosimama mezani bila waya za ziada. Anayeanza tu na hawezi kuiacha, aanze na SE. Nyumba yenye watoto wanaofungua kila kitu isiwe na hii ikiwa wazi mezani hata kwa usiku mmoja.

## PC ya 386 au 486

Kinachooza. Tafuta kipipa kidogo cha buluu au kijani kwenye kona ya bodi mama, karibu na mahali pa kuchomeka kibodi. Ni betri ya nikeli na kadimiamu ya volti 3.6, nayo huvuja alkali. Alkali hiyo hutambaa chini ya rangi ya bodi, na unachokiona juu ni ukoko wa kijani na njia za shaba zilizogeuka nyeusi. Jirani yake wa kwanza ni chipu ya kibodi yenye pini 40, ndiyo maana bodi nyingi hulalamika kwanza kuwa hakuna kibodi, kisha zinanyamaza kabisa.

Tiba ina mpangilio wake. Kata betri, usiivute. Sugua ukoko kwa mswaki mkavu. Pitisha pamba yenye siki nyeupe, kwa sababu alkali inahitaji asidi dhaifu ya kuizima. Ikiacha kutoa mapovu, suuza kwa maji safi, kisha spiriti. Kwangua rangi pale shaba ilipokuwa nyeusi na upime kila njia kwa mita kutoka mwanzo wake hadi mwisho. Zilizokatika unaziunga kwa waya nyembamba. Toa soketi na viunganishi vilivyo eneo hilo hata kama vinaonekana vizima, kwani alkali hujificha chini yake.

Kwenye nafasi ya betri watu huweka kibebeo cha CR2032. Betri hiyo haichajiwi, na bodi itajaribu kuichaji. Weka diodi ya aina ya Schottky katikati kuuzuia mkondo. Diodi ya kawaida hula volti 0.6 hivi na inaweza kukuachia pungufu ya mahitaji. Bodi nyingi zina pini nne za betri ya nje na jampa yake (kifuniko kidogo cha kuunganisha pini mbili). Ukizikuta, tumia hizo, weka betri mbali na bodi, na hutarudia kazi hii.

Bodi nyingine hazina kipipa. Zina moduli nyeusi ya Dallas yenye saa na betri ndani. Haivuji, lakini betri ikiisha mashine husahau diski yake kila unapozima. Moduli mbadala zinapatikana.

Tantalamu za kwenye bodi na kadi hupiga shoti baada ya miaka mingi bila kutumika. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, pima ukinzani kati ya njia ya volti 12 na ardhi. Ukisoma karibu na sifuri, tafuta kapasita yenye shoti. Mara nyingi bodi hufanya kazi hata ukiitoa, na mbadala unaweza kusubiri. Vaa miwani siku hiyo, maana hulipuka kwa cheche.

Hatari kwa mwili. Ya kati, na imejificha pasipotarajiwa. Kwenye maboksi ya AT, yaani muundo wa PC wa enzi hizo, swichi ya mbele hukata umeme wa ukutani wenyewe, hivyo waya zenye umeme kamili zinapita ndani ya boksi hadi kidoleni mwako. Kagua vifuniko vyake. Plagi mbili za bodi mama nazo zinaweza kubadilishana nafasi na bado zikaingia. Kanuni ni moja: waya nyeusi za plagi zote mbili zikutane katikati. Ukikosea, bodi huungua hapohapo. Usiijaribu saplai ya AT bila mzigo wowote, kwani nyingi hazidhibiti volti zake hivyo. Ichomekee diski ngumu mbovu iwe mzigo.

Vipuri. Hapa PC inazipita nyingine kwa mbali. Kadi ya picha ya mashine moja inaingia kwenye nyingine, saplai hubadilika, kisoma flopi hubadilika. Shida ni upande wa pili wa uhuru huo: hakuna mbili zinazofanana. Jampa hazina maelezo, na bodi haina jina. Andika ule mstari wa herufi na namba unaotokea chini ya skrini wakati wa kuwaka. Humo ndimo bodi inapotambulika. Kumbukumbu za pini 30 zinakwenda nne nne zinazolingana kwenye 386DX na 486, mbili mbili kwenye 386SX. Ukiweka tatu, hutapata picha wala ujumbe.

Programu na picha. Rahisi kuliko zote. Tundu la VGA la pini 15 hukubaliwa na skrini bapa nyingi za ofisini. Kadi ya CompactFlash na adapta yake hugeuka diski ngumu. BIOS (programu ya ndani ya kuamshia mashine) za enzi hizo huishia MB 504, hivyo nunua kadi ndogo, au weka XTIDE Universal BIOS kwenye soketi ya ROM ya kadi ya mtandao. MS-DOS 6.22 na Windows 3.1 hukaa humo bila kubanwa.

Inamfaa anayependa kupanga, kubadilisha na kujaribu. Anayetaka michezo ya DOS na kadi ya sauti ya kweli. Na mwenye nafasi ya boksi, skrini na kibodi. Asiyependa kugombana na jampa na IRQ (namba zinazogawiwa kadi ili zisigongane) atachoka.

## Kabla ya kutoa fedha

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Mwambie muuzaji asiiwashe, akupe picha. Kwa Commodore, picha ya kibandiko cha chini na ya vitufe vyote. Kwa Macintosh, picha ya bodi ikiwa imetolewa. Akisema hana bisibisi, ihesabu kuwa betri imepasuka na mpe bei ya mashine iliyokufa. Kwa PC, picha ya karibu ya kona ya betri, si ya boksi kwa mbele. Inayosafirishwa na kichogo ndani ifungwe kioo kikitazama chini juu ya povu zito.

Plastiki iliyogeuka njano isikushawishi wala kukukatisha tamaa. Huondoka kwa peroksaidi ya hidrojeni na mwanga wa jua, ikiacha madoa usipoigeuza sawasawa, na njano hurudi baadaye. Iache iwe kazi ya mwisho. Ndani ya saplai za PC na za Macintosh chungulia pia kapasita za utomvu mgumu wa njano unaopitisha mwanga zenye nyufa, za kuchuja umeme wa ukutani. Zikipasuka hutoa moshi mzito wenye harufu ya kudumu. Zibadilishe kwa za daraja lilelile la usalama (X2 mahali pa X, Y2 mahali pa Y) hata kama bado zinafanya kazi.

## Kulingana na hali yako

Hujawahi kushika chuma cha kulehemu: Commodore 64 yenye saplai mpya. Kosa la kwanza litakugharimu chipu, si uhai.

Unalehemu vizuri lakini hujazoea vitu vya umeme mkubwa: PC, au Macintosh ambayo bodi yake ya umeme inafanya kazi na huhitaji kuigusa. Bodi mama ya SE/30 unaweza kuitoa na kuitibu bila kukaribia kichogo, ukiheshimu mpaka huo.

Unataka mashine ya kutumia kila jioni kuandikia: Macintosh SE yenye BlueSCSI.

Unataka michezo, na kuna watoto wa kucheza nao: Commodore kama mna televisheni ya kichogo, PC kama mna skrini ya VGA. Skrini mliyo nayo ndiyo iamue.

Huna nafasi ya kutosha: Commodore huingia kwenye droo, Macintosh hukaa kwenye kona ya meza, PC inataka meza yake.

Umepewa bure, haijulikani hali: ipokee yoyote, usiiwashe.

Bado huna uamuzi, lakini mojawapo iko kabatini tayari: ikiwa ni Macintosh au PC, ifungue leo utoe betri, hata kama hutaigusa tena kwa mwaka mzima.